Shabu Ndani ya Mfupa

Wakati wa masika maji ya Rufiji huwa na rangi ya chai ya maziwa. Bibi yangu alikuwa akiyaacha yatulie kidogo kwenye ndoo, kisha anachukua kipande cha shabu, kijiwe cheupe kinachofanana na barafu, anakizungusha majini mara chache na kukirudisha juu ya kabati. Kama shabu imekwisha, alitwanga mbegu za mlonge. Baada ya muda tope lilikuwa limekaa chini, na sisi wajukuu tulipewa kazi ya kuyateka maji ya juu kwa kikombe bila kuyatibua. Nyumba zote za jirani zilifanya vivyo hivyo. Hakuna aliyeiogopa shabu.

Niliikumbuka ndoo ile mwaka jana, nikiwa nimekaa na mama mkubwa katika chumba cha kusafishia damu. Figo zake zimeacha kufanya kazi. Mara tatu kwa wiki, saa nne kila safari, damu yake inatoka mwilini, inapita kwenye chujio na kurudi. Siku hiyo mkono wake wa kulia, ule usio na mshipa wa mashine, ulikuwa umefungwa hogo. Hakuwa ameanguka. Alikuwa ameinua birika la chai.

Miezi minne kabla ya hapo alikuwa amepimwa mifupa kwa kipimo cha DXA. Karatasi ilisema madini yamepungua kiasi, lakini hayajafika kwenye mstari wa hatari.

"Sasa, mwanangu," aliniambia, "mashine imesema mifupa yangu ina nafuu. Birika limesema vingine. Nimwamini nani?"

Mimi si daktari. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na katika ukoo wetu hilo maana yake ni kwamba naulizwa kila kitu kilichoandikwa kwenye karatasi. Nilimjibu kwamba nitasoma. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua miezi, na ikanirudisha kwenye ndoo ya bibi.

*

Mfupa hutudanganya kwa ugumu wake, tukadhani ni jiwe. Ukweli ni kwamba unafanana zaidi na nyumba ya udongo ambayo mafundi hawaondoki. Wapo wachimbaji, chembe zinazokula mfupa uliozeeka na kuacha mashimo madogo. Nyuma yao wanakuja wajenzi. Wajenzi hawa kwanza husuka fito, yaani nyuzi za kolajeni. Hapo mfupa bado ni mbichi na laini. Baada ya siku kadhaa kalisi na fosfeti huingia katikati ya fito na kukaza, kama udongo unaokandikwa ukutani. Kazi hiyo haikomi maisha yote.

Figo zinaingiaje katika ujenzi huu? Mwaka 1827 Richard Bright, daktari wa Guy's Hospital mjini London, alichapisha maelezo ya wagonjwa waliovimba miili na ambao mkojo wao uliganda ulipopashwa moto kwa sababu ulikuwa na protini. Walipofariki, figo zao zilikutwa zimeharibika. Mwaka 1883 Clement Lucas, daktari wa upasuaji wa hospitali hiyohiyo, aliandika juu ya vijana waliopata matege katika umri ambao matege hayatarajiwi tena. Mkojo wao nao ulikuwa na protini. Aliona mambo mawili yanatembea pamoja, lakini kamba inayoyafunga hakuna aliyeijua.

Kamba hiyo ilionekana karibu miaka tisini baadaye. Mwaka 1970, mjini Cambridge, Fraser na Kodicek walionyesha kwamba ni figo inayoigeuza vitamini D kuwa katika umbo linalofanya kazi. Figo zikifa, utumbo unashindwa kufyonza kalisi ya kutosha, na fosfeti, ambayo ilipaswa kutoka na mkojo, inarundikana kwenye damu. Shingoni tunazo tezi nne ndogo ziitwazo parathiroidi. Kazi yake ni kulinda kalisi ya damu, na zikiona inapungua zinatuma amri kwenye ghala kubwa kuliko yote, yaani mifupa. Wachimbaji wanazidi, na ukuta unaliwa ili damu ipate kuishi.

Lakini muda mrefu jambo hili halikuwa tatizo la watu wengi, kwa sababu ya kusikitisha: wenye figo zilizokufa kabisa hawakuishi kiasi cha mifupa yao kubomoka. Tarehe 9 Machi 1960, mjini Seattle, Belding Scribner na wenzake walimwanzishia matibabu Clyde Shields, fundi mitambo wa kiwanda cha Boeing, kwa kutumia mrija wa Teflon uliobaki mkononi mwake kati ya safari moja ya mashine na nyingine. Kabla ya hapo, kila usafishaji uliharibu mishipa, na mishipa ikiisha mgonjwa naye ameisha. Shields aliishi miaka 11 zaidi. Baada yake watu wengi wakaanza kuishi bila figo. Hapo ndipo mifupa yao ikapata muda wa kusema.

*

Kumsikiliza mfupa ulio ndani ya mtu hai ni kazi ngumu. Eksirei inaonyesha mfupa uliokwisha kuvunjika, au uliopungua sana. Haionyeshi nani amegoma kazini, mchimbaji, msukaji wa fito au mkandikaji. Kwa hilo unahitaji kipande.

Kukata kipande peke yake hakukutosha. Maabara za kawaida, zikitaka kukata mfupa vipande vyembamba vya kuwekwa chini ya hadubini, huulowesha kwanza kwenye asidi ili ulainike. Asidi inaondoa madini. Ni sawa na kuisafisha nyumba kwa maji mpaka zibaki fito, halafu ukauliza kama udongo ulikandikwa vizuri. Ilibidi watu wajifunze kuuzamisha mfupa kwenye plastiki ngumu, bila asidi, na kuukata kwa visu vyenye uwezo wa kukata vipande vya mikromita chache tu. Ukivipaka rangi yenye madini ya fedha, sehemu iliyokazwa inakuwa nyeusi, na mfupa mbichi unabaki na rangi yake tofauti.

Bado kulikuwa na pengo. Kipande cha mfupa ni picha ya siku moja, na ujenzi ni jambo la siku nyingi. Msaada ulitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiutafuta. Mwaka 1957, nchini Marekani, Milch, Rall na Tobie waliripoti kwamba tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria ambayo wengi wetu tumeshawahi kuimeza, inajificha kwenye mifupa na kung'aa manjano ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Na haiingii popote tu. Inakaa pale ambapo udongo unakandikwa siku ile.

Harold Frost, daktari wa mifupa katika Hospitali ya Henry Ford mjini Detroit, alikuwa miongoni mwa walioona kwamba hapo pana kalenda. Mpe mtu tetrasaiklini siku chache, acha wiki moja na nusu hivi, mpe tena, kisha chukua kipande. Chini ya hadubini utaona mistari miwili ya manjano. Pima nafasi kati yake, gawanya kwa idadi ya siku, nawe umejua mfupa huu unakandikwa kwa kasi gani. Kwa mtu mzima mwenye afya jibu halifiki hata mikromita moja kwa siku. Mistari ikiwa imeungana, kazi inakwenda kwa kusuasua. Isipoonekana kabisa, kazi imesimama.

Mimi ambaye nimezoea kutafuta tarehe kwenye majalada yaliyoliwa na mchwa nilisoma sehemu hiyo mara tatu. Mtu anaandikiwa tarehe mbili ndani ya mwili wake, na jalada linafunguliwa angali hai.

*

Sasa twende Newcastle upon Tyne, kaskazini mwa Uingereza, miaka ya 1960 na 1970. Huko daktari David Kerr na wenzake waliendesha huduma ya kusafisha damu, na wagonjwa wengi walikuwa na mashine nyumbani kwao. Walikuwa wamenusurika. Kisha wakaanza kuvunjika: mbavu, nyonga, uti wa mgongo, bila ajali ya maana. Walisikia maumivu na misuli ya mapaja ililegea. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi cha madaktari kwingineko kuliita ugonjwa wa mifupa wa Newcastle.

Maelezo yaliyokuwepo yalikuwa mawili. Ama tezi za shingoni zinaila mifupa, ama vitamini D haitoshi. Lakini vipande vya mifupa vilionyesha kitu kingine. Wachimbaji hawakuwa wamejaa. Kulikuwa na fito, fito nyingi, kanda pana za mfupa mbichi ambao haukukandikwa. Hilo lingeweza kuwa upungufu wa vitamini D. Wagonjwa wakapewa, na wengi hawakupona. Kalisi ipo, vitamini ipo, fosfeti ipo, na udongo haushiki ukutani.

Jambo la pili lililowasumbua lilikuwa ramani. Vituo vingine vya Uingereza, vyenye mashine zilezile na dawa zilezile, vilikuwa na wagonjwa wachache wa aina hii. Kitu gani kinatofautiana kati ya mji na mji, lakini kinafanana kwa wagonjwa wa mji mmoja?

Maji.

Hapa naomba uvumilie hesabu kidogo. Mtu mwenye afya hunywa kiasi cha lita mbili kwa siku. Kwa wiki, hiyo haijai ndoo ya lita 20. Mashine ya kisasa hupitisha karibu lita 120 kwa safari moja ya saa nne, yaani ndoo sita. Kwa wiki ni ndoo kumi na nane. Na maji hayo hayapiti tumboni. Yanapita upande wa pili wa utando mwembamba, yakitazamana na damu.

Mamlaka za maji katika miji mingi duniani husafisha maji ya mito na mabwawa kwa alumini salfeti. Kwa Kiswahili cha nyumbani, hiyo ni shabu. Kwa mnywaji haina neno. Utumbo hufyonza chini ya asilimia moja ya alumini iliyomezwa, na figo hukitoa hicho kidogo. Mgonjwa wa figo amekosa vyote viwili. Utumbo, mlinzi wa kwanza, umerukwa na mashine. Figo, mlinzi wa pili, amekufa. Alumini inaingia na haina mlango wa kutokea, basi inakwenda mahali ambapo kalisi inakwenda, kwenye ukingo ule ambapo fito zinasubiri udongo. Ikikaa pale, ukandikaji unazuiwa.

Kama si mifupa, ubongo. Mwaka 1976 Allen Alfrey na wenzake wa Denver, Marekani, waliandika juu ya wagonjwa waliokuwa wakisafishwa damu ambao walianza kushikwa na kigugumizi, kisha kutetemeka na degedege, kisha kufa. Ubongo wao ulikuwa na alumini nyingi kuliko kawaida. Mwaka 1978 kundi la Newcastle, akiwemo Kerr, lilichapisha ushahidi kwamba kinachovunja mifupa kimo kwenye maji na huenda ni alumini. Waliosafishwa damu kwa maji yaliyoondolewa madini walikuwa salama zaidi. Mwaka 1979 Ian Parkinson na wenzake walitoa uchunguzi wa wagonjwa 1,293 katika vituo 18 vya Uingereza. Palipokuwa na alumini nyingi kwenye maji, ndipo palipokuwa na mifupa inayovunjika na akili zinazopotea.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawa kiliwala kupitia mrija uleule uliowaweka hai.

Baadaye ikapatikana rangi ya maabara inayoifanya alumini ionekane ndani ya kipande cha mfupa: mstari mwekundu, umelala hasa pale ambapo kazi ilisimama. Mitambo ya kuchuja maji ikawa sharti. Leo kiwango cha juu kinachokubalika katika maji ya kusafishia damu ni mikrogramu 10 za alumini kwa lita. Hata hivyo somo hili halijifunzwi mara moja likaisha. Mwaka 1996, katika kisiwa cha Curaçao, kituo kimoja kiliwekewa bomba jipya la maji lililopakwa saruji kwa ndani. Saruji ilitoa alumini. Kati ya wagonjwa 27, 10 walifariki.

Katika yote niliyosoma, majina ya madaktari yapo, na majina ya wengi waliotoa vipande vya mifupa hayapo, jambo ambalo ni haki yao. Ila nimefikiri sana juu yao. Kipande huchukuliwa juu ya nyonga, kwa sindano nene inayozungushwa kama keekee, ganzi ikiwa imechomwa. Mtu ambaye tayari anachomwa sindano mbili nene kila safari alikubali na hiyo, mara nyingi bila ahadi kwamba itamfaa yeye. Bila vipande vile, wagonjwa wa Newcastle wangeendelea kuongezewa vitamini D mpaka mbavu za mwisho.

*

Nilirudi kwa mama mkubwa na swali lake la birika.

Kipimo cha DXA kiliingia sokoni mwaka 1987. Ni cha haraka, mionzi yake ni kidogo, na kimewasaidia mamilioni ya watu, hasa wanawake waliokoma hedhi. Lakini kinapima udongo tu: madini kiasi gani katika eneo fulani la picha. Hakiulizi kama ukuta ni mmoja au umejaa mashimo. Kwa mtu mwenye figo nzima, uzito unakaribia kutosha. Kwa mama mkubwa, nyumba mbili zenye uzito mmoja zinaweza kuwa na maradhi yanayopingana. Katika moja, tezi za shingoni zimewakaza wachimbaji na wajenzi, wanabomoa na kujenga kwa pupa. Katika nyingine wote wamelala, na nyufa ndogo za kila siku haziungwi. Wa kwanza anahitaji tezi zitulizwe. Ukimtuliza wa pili, umemzika.

Ndiyo maana mwaka 2009 mwongozo wa kimataifa wa KDIGO ulishauri kipimo hicho kisifanywe kwa mazoea kwa wagonjwa wa figo waliofika mbali. Mwaka 2017 ushauri ulilegezwa: tafiti mpya zilionyesha kwamba uzito mdogo unaashiria kuvunjika hata kwao, basi pima, kama jibu litabadilisha matibabu. Kwa hiyo karatasi ya mama mkubwa haikusema uongo. Ilijibu swali lingine.

Zipo skana mpya zinazopiga picha ya kifundo cha mkono na ya mguu kwa undani ambao zamani ulihitaji kisu. Za kizazi cha kwanza ziliuona mfupa kwa vijipande vya mikromita 82, za pili kwa 61, karibu na unene wa unywele. Kwa wagonjwa wa figo zimeonyesha ganda la nje la mfupa likikonda na kutobolewa matundu, huku uzito ukishuka polepole. Mifupa ya kifundo cha mkono inategemea sana ganda hilo. Lakini skana haioni mistari ya manjano. Inaonyesha ukuta ulivyo, haionyeshi kama fundi yupo kazini. Kwa hilo, kipande cha nyonga bado ndicho shahidi mkuu, na maabara zenye ujuzi wa kukisoma ni chache hata katika nchi tajiri.

Nilimweleza hayo yote, kwa fito na udongo. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Kwa hiyo hawawezi kujua."

"Wanaweza kukisia, mama. Kwa damu."

Ndivyo daktari wake alivyofanya. Alipima homoni ya tezi za shingoni na kimeng'enya kinachopanda wajenzi wakiwa na kazi nyingi. Vyote vilikuwa juu sana. Wachimbaji walikuwa wamejaa. Dawa zikabadilishwa, na fosfeti ya chakula ikajadiliwa upya: dagaa, maharage, soda nyeusi. Alikubali kuacha soda. Dagaa alisema atafikiria.

Kisha akauliza kuhusu maji. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyemsimulia Newcastle. Fundi wa kituo, kijana wa rika langu, hakukasirika. Alitufungulia chumba cha nyuma. Kulikuwa na tangi la mkaa wa kuondoa klorini, mitungi ya kulainisha maji, na bomba refu jeupe lenye utando unaozuia karibu kila kitu kisipite isipokuwa maji yenyewe. Juu ya meza kulikuwa na daftari la mistari. Klorini, kila asubuhi, saini. Ugumu wa maji, saini.

Mama mkubwa aliweka mkono wenye hogo juu ya meza na kuinama.

"Alumini imeandikwa wapi?"

Kijana alifunua kurasa nyingi nyuma. Sampuli ya metali hupelekwa maabara ya nje mara moja kwa mwaka. Jibu lilikuwa zuri, chini ya kiwango. Tarehe yake ilikuwa ya miezi kumi na moja iliyopita.

"Mwezi ujao tunapeleka tena," alisema.

Mama mkubwa alifungua pochi yake kwa mkono wa kushoto, akatoa kijitabu anachoandikia uzito wake na shinikizo la damu, akanipa mimi pamoja na kalamu.

"Andika mwezi," alisema. "Ikifika, unikumbushe nimuulize."